Kula kalori za kutosha huku unapunguza uzito: pengo dogo, la kati au kubwa?

Mtu anayepunguza uzito huvutwa na maswali mawili. La kwanza humjia asubuhi akiwa juu ya mizani: nipunguze chakula kiasi gani ili nishuke? La pili humjia usiku, tumbo likinguruma: hivi nakula cha kutosha kweli? Akitafuta majibu anakuta mmoja anasema kalori 1,200, mwingine 1,800, na wa tatu anaapa kwamba alikunywa vinywaji vya mbadala wa mlo kwa miezi mitatu na yuko salama. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mwili wake.

Hapa nalinganisha njia tatu kubwa, yaani pengo dogo la kalori, la kati na kubwa, pamoja na ya nne inayoweza kubandikwa juu ya yoyote kati ya hizo. Pengo ni tofauti kati ya kalori ambazo mwili unatumia kwa siku na zile unazokula. Wengine huliita nakisi. (Kalori ninazozitaja ndizo zilizoandikwa kwenye pakiti za vyakula, kitaalamu ni kilokalori.)

Msimamo wangu niuseme mapema usije ukadhani nimeuficha: namba ya kutafuta ni ile kubwa kuliko zote ambayo bado inakupunguza kwa mwendo unaoweza kuuvumilia. Wengi hutafuta iliyo ndogo kuliko zote, halafu wanashangaa kwa nini wiki ya tano wamesimama mbele ya friji saa sita za usiku.

Namba moja, miili miwili

Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys alianza jaribio na vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri. Vita vilikuwa vimeacha mamilioni ya watu na njaa, naye alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya. Mwanzoni vijana walilishwa kama kalori 3,200 kwa siku. Kisha kwa wiki 24 wakashushwa hadi wastani wa kalori 1,570 hivi, huku wakitakiwa kutembea kama kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi katikati ya majira ya joto, wakawa wepesi wa hasira, hamu ya mapenzi ikapotea, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi na kulamba sahani.

Sasa mfikirie mwanamke wa miaka 35, kilo 80, kimo sentimita 162, anayeshinda kwenye kiti na kutembea kidogo. Mwili wake unatumia takriban kalori 2,070 kwa siku. Akiweka pengo la 500 atakula 1,570, namba ileile ya Minnesota. Kwa wale vijana ilikuwa nusu ya mahitaji yao. Kwa mwanamke huyu ni robo tatu, na kama chakula chenyewe ni cha maana anaweza kuishi nayo miezi kadhaa bila kulamba sahani yoyote.

Kwa hiyo ukiuliza "kalori 1,500 zinatosha?" bila kusema zinamtosha nani, hakuna mtu atakayekujibu vizuri.

Pata kwanza namba yako

Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, kimo chako cha sentimita kwa 6.25, na umri wako kwa 5. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu. Mwanamume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Unachopata ni kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umelala tu hufanyi kitu. Zidisha kwa 1.4 kama siku yako ni ya kukaa na kutembea kidogo. Kama kazi yako ni ya kusimama na kubeba, kizidisho kinapanda hadi 1.6 au zaidi.

Kwa walio wengi kanuni hii hukosea kwa asilimia 10 au chini ya hapo, juu au chini. Ni kosa dogo, ila likumbuke, maana nitalirudia.

Jedwali hili linaonyesha watu watatu wa mfano, wote wa kizidisho cha 1.4, na kiasi ambacho kila mmoja angekula kwa siku katika kila pengo:

| | Anachotumia | Pengo dogo (12%) | Pengo la kati (24%) | Pengo kubwa (36%) |
|---|---|---|---|---|
| Mwanamke, miaka 50, kilo 60, sm 152 | 1,590 | 1,400 | 1,210 | 1,020 |
| Mwanamke, miaka 35, kilo 80, sm 162 | 2,070 | 1,820 | 1,570 | 1,320 |
| Mwanamume, miaka 40, kilo 120, sm 180 | 2,980 | 2,620 | 2,270 | 1,910 |

Nimetumia asilimia kwa makusudi. Ule ushauri maarufu wa "punguza 500 kila siku" ni mzaha kwa mwanamume wa mstari wa mwisho, ambaye hata kwenye pengo kubwa anabaki na sahani iliyojaa. Kwa mama wa mstari wa kwanza ni karibu theluthi ya chakula chake chote. Wote wawili husomewa ushauri uleule.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano. Mwendo wa kushuka. Njaa na hali ya moyo. Usalama wa misuli na virutubisho. Nafasi ya kukosea hesabu, yaani ukipima vibaya kidogo, je, pengo linabaki? Na mwisho, kinachotokea baada ya kufika, jambo ambalo watu hulisahau mpaka limewafika.

Pengo dogo: asilimia 10 hadi 15

*Mwendo.* Ni wa kobe. Hesabu ya kawaida huchukua kilo moja ya mafuta ya mwili kuwa kama kalori 7,700. Mwanamke wetu wa kilo 80 akiacha kalori 250 kwa siku anapungua robo kilo hivi kwa wiki. Maji ya mwili peke yake hupanda na kushuka zaidi ya hapo kati ya jana na leo, kwa hiyo mizani inaweza kukaa kimya wiki tatu huku mafuta yanatoka. Si kila mtu ana moyo wa kuvumilia ukimya huo.

*Njaa na moyo.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Wengi hawaisikii kabisa. Unabaki na nguvu za mazoezi, usingizi haukatiki, unakula na wenzako bila kutoa maelezo.

*Misuli na virutubisho.* Chakula ni kingi, hivyo nafasi ya kupata protini, chuma, kalisi na nyuzinyuzi ni kubwa. Anayeanza mazoezi ya kunyanyua vyuma anaweza hata kuongeza misuli huku mafuta yakipungua.

*Nafasi ya kukosea.* Karibu hakuna. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120. Viwili visivyohesabiwa vinameza pengo lote. Ongeza lile kosa la asilimia 10 la kanuni na unaweza kuwa "kwenye dayati" mwaka mzima ukiwa huna pengo lolote.

Na tunakosea kweli. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu 10 walioamini miili yao imekataa kupungua ingawa wanakula kidogo. Walipopimwa kwa maji maalumu yanayoonyesha nishati inayotumika, ilionekana walikuwa wakiripoti chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakiyaongeza kwa asilimia 51. Miili yao ilikuwa ikitumia nishati kama ya watu wengine. Sidhani walikuwa waongo. Mimi mwenyewe niliishi muda mrefu nikiamini namimina "mafuta kidogo" kwenye sufuria, hadi siku nilipoyapima kwa kijiko nikakuta ni vitatu.

*Baadaye.* Hakuna mshtuko. Unaongeza kalori 200 hivi na maisha yanaendelea yalivyokuwa.

Inawafaa waliobakiza kilo chache, wenye miili midogo, wanaofanya mazoezi makali, na wale ambao kila wakijinyima sana hulipuka na kula bila breki. Haiwafai wanaohitaji kuona matokeo ili waendelee, wala wasiopenda kupima chakula.

Pengo la kati: asilimia 20 hadi 25

Hii ndiyo njia inayopendekezwa zaidi kliniki, na kuna sababu.

*Mwendo.* Karibu nusu kilo kwa wiki kwa mwanamke wetu. Kwa mwanamume wa kilo 120 ni zaidi kidogo. Wiki ya kwanza inaweza kukudanganya kwa kilo mbili, maana akiba ya wanga kwenye misuli na ini huhifadhiwa pamoja na maji, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu moja, na akiba hiyo ikipungua maji hutoka nayo. Usitangaze ushindi siku ya saba. Usivunjike moyo pia wiki ya tatu mwendo ukipungua, kwani mwili uliopungua unatumia kalori chache zaidi, na pengo ulilolifungua linazibika taratibu lenyewe. Ile hesabu ya 7,700 haimpeleki mtu kwa mstari ulionyooka hadi mwisho. Mstari unapinda kadiri uzito unavyoshuka.

*Njaa na moyo.* Njaa ipo, hasa jioni. Ni njaa ya kusubiri mlo, tofauti na ile ya kukuamsha usiku. Kwa wengi miezi miwili ya mwanzo ni rahisi, ugumu unaanza pale pongezi zinapoisha na mizani inapunguza kasi. Usingizi una uzito kuliko tunavyoupa: mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapa watu 10 pengo lilelile la kalori kwa wiki mbili wakikaa kitandani kwa muda wa saa 8 na nusu kila usiku, na wiki mbili nyingine kwa muda wa saa 5 na nusu. Uzito uliopotea ulifanana, lakini waliponyimwa usingizi sehemu iliyokuwa mafuta ilipungua kwa asilimia 55, na njaa ikaongezeka. Kwa mtu anayelala kwa muda wa saa tano tu, kabla ya kupunguza sahani ningemwambia azime simu.

*Misuli na virutubisho.* Hapa kalori zinatosha iwapo tu zinapangwa. Lengo zuri la protini wakati wa kupunguza uzito ni gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 80 ni gramu 96 hadi 128, na kwa kuwa gramu moja ya protini ina kalori 4, hiyo ni kalori kati ya 385 na 510 hivi. Katika 1,570 zinabaki zaidi ya 1,000 za wanga, mboga, matunda na mafuta. Zinatosha. Lakini anayezitumia kwa vitafunio na soda atakuwa na namba sahihi kwenye simu na mwili wenye njaa, na ndiye utakayemsikia akisema kalori 1,570 hazimtoshi. Kwa alivyozitumia, kweli hazimtoshi.

Mama wa kilo 60 asipite hapa bila kuangalia tena mstari wake. Pengo la kati linamfikisha 1,210, pembezoni kabisa mwa kiwango cha chini ambacho wataalamu wengi hukitaja kwa anayejisimamia mwenyewe: 1,200 kwa mwanamke, 1,500 kwa mwanamume. Si kwamba 1,199 ni sumu. Ila chini ya hapo ni vigumu kupata vitamini na madini ya kutosha kwa chakula cha kawaida hata ukipanga kwa ustadi.

*Nafasi ya kukosea.* Inatosha. Ukisahau vijiko viwili vya mafuta bado nusu ya pengo ipo.

*Baadaye.* Unarudi kwa ngazi mbili tatu, si kuruka. Tabia ulizozijenga, kama kupika nyumbani na kuanza mlo na mboga, zinakaa kwa sababu uliziishi kwa chakula halisi.

Inawafaa wenye kilo 5 hadi 20 za kupunguza na maisha ya kawaida yenye kazi, watoto na shughuli. Haiwafai wenye miili midogo sana, wala wale ambao daktari amewaambia muda ni mfupi.

Pengo kubwa: asilimia 30 na zaidi

Ndani ya njia hii kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna pengo kubwa la chakula cha kawaida, kama 1,320 za mwanamke wetu. Na kuna mlo wa kalori 800 hivi kwa siku, wa vinywaji na supu maalumu zilizotengenezwa zikiwa na vitamini na madini yote. Huu wa pili ni tiba na husimamiwa kama tiba.

*Mwendo.* Kama gramu 700 kwa wiki kwa mwanamke wetu, na kilo moja au zaidi kwa mwenye mwili mkubwa au aliye kwenye mlo wa kalori 800.

Methali yetu inasema haraka haraka haina baraka, na kwa miaka mingi wataalamu walisema vivyo hivyo: ukipungua upesi utanenepa upesi. Jaribio la Melbourne, Australia, lililochapishwa 2014 likaleta ubishi. Watu 200 wenye unene uliokithiri waligawanywa, nusu wapungue kwa wiki 12 na nusu kwa wiki 36. Wa haraka waliofikia lengo walikuwa asilimia 81. Wa polepole asilimia 50. Baada ya hapo waliofanikiwa wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, na makundi yote mawili yakarudisha takriban asilimia 71 ya uzito walioupoteza. Haraka haikuwaharibia zaidi ya polepole. Habari mbaya ni kwamba polepole nayo haikuwaokoa.

Kisha Uingereza na Uskoti, mwaka 2017, jaribio la DiRECT: watu wenye kisukari cha aina ya pili walipewa mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, halafu chakula kikarudishwa hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa tena na sukari ya kiwango cha kisukari, bila dawa, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata huduma ya kawaida. Baada ya miaka miwili walibaki asilimia 36. Kwa mgonjwa wa aina hiyo, kumwambia "kula zaidi, pungua taratibu" bila kumweleza chaguo hili ni kumpunja.

*Njaa na moyo.* Wengi husema siku za kwanza ni ngumu kisha njaa inatulia. Hasira, uchovu, kusikia baridi na kufikiria chakula kila saa ni mambo ya kawaida. Maisha ya kijamii yanasimama.

*Misuli na virutubisho.* Hatari kubwa iko hapa. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza uwezekano wa mawe kwenye kifuko cha nyongo. Nywele zinaweza kukatika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau chanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchini Marekani makumi ya watu walikufa, mioyo ikishindwa mapigo, baada ya kuishi kwa vinywaji vya protini duni pekee. Vinywaji vya leo vimerekebishwa kwa sababu yao. Misuli inaweza kulindwa kwa gharama. Vijana wa kiume wa jaribio moja la Kanada mwaka 2016, wakiwa na pengo la asilimia 40 na mazoezi makali siku sita kwa wiki, waliopewa protini gramu 2.4 kwa kilo waliongeza misuli na kupoteza mafuta kilo 4.8 kwa wiki nne, huku wa gramu 1.2 wakipoteza 3.5. Lakini chakula chao kiliandaliwa na watafiti, na jaribio lilikuwa la wiki nne tu.

*Nafasi ya kukosea.* Kubwa upande wa hesabu, ndogo sana upande wa afya. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari akikata chakula ghafla anaweza kuanguka kwa sukari kushuka siku hiyohiyo. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa.

*Baadaye.* Bila mpango wa kurudi kwenye chakula, uzito hurudi nao. Washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani walipopimwa miaka 6 baadaye, miili yao ilikuwa ikitumia wastani wa kalori 500 hivi pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao, na wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao.

Inawafaa wenye kisukari cha aina ya pili au uzito mkubwa sana wakiwa chini ya daktari, na wanaosubiri upasuaji unaohitaji wapungue. Haimfai mtu mwembamba anayetaka kuvaa nguo fulani wiki ijayo.

Ya nne: kupumzika kwa zamu

Unaweka pengo kwa wiki mbili, halafu unakula kiwango kamili cha mwili wako kwa wiki mbili, unarudia. Jaribio la Australia la wanaume wenye unene, lililochapishwa 2017, lilipata kilo 14 dhidi ya 9 za waliokaza bila kupumzika, ingawa waliopumzika walitumia wiki 30 kwa kazi ya wiki 16. Majaribio mengine yaliyofuata hayakuona faida kubwa hivyo kwenye mafuta. Ninachokipenda hapa ni mazoezi ya kula kawaida bila kulipuka, na hilo ndilo utakaloishi nalo ukifika. Muda ni mrefu, hakuna la kuficha.

Dalili kwamba hakitoshi

Njia yoyote utakayochagua, mwili utasema kabla ya mizani. Kusikia baridi wenzako wakisikia joto. Kizunguzungu ukisimama. Choo kigumu. Usingizi wa kukatika. Uzito uliokuwa unanyanyua jana leo hauinuki. Hedhi kuchelewa au kukoma, ambayo si jambo la kusubiri "ikae sawa" yenyewe. Na kufikiria chakula mfululizo, kama vijana wa Minnesota na vitabu vyao vya mapishi.

Kuna imani kwamba ukila kidogo mno mwili "unajifunga" na kuacha kupungua kabisa. Matumizi ya nishati hushuka kweli, lakini vijana wale waliendelea kupungua hadi mbavu zikahesabika. Mizani ikigoma wiki mbili kwa kawaida ni maji au hesabu. Kusema hivi hakuhalalishi kula kidogo zaidi. Sababu za kula cha kutosha ni misuli, mifupa, homoni na akili yako, nazo zinatosha bila kuongezewa hadithi.

Kwa hali yako

Umebakiza kilo 3 au 4, au mwili wako ni mdogo kama wa mama wa kilo 60: pengo dogo, na mizani ya jikoni iwe mezani. Kama 1,400 zinakubana, tembea nusu saa zaidi kwa siku badala ya kukata chakula. Ni afadhali upanue upande wa matumizi.

Una kilo 10 au 15 na maisha yenye shughuli: anza na la kati. Jipime asubuhi mara kadhaa kwa wiki, linganisha wastani wa wiki na wiki. Baada ya wiki nne, ukiwa unashuka zaidi ya asilimia 1 ya uzito wako kwa wiki, ongeza kalori 150. Hushuki kabisa, pima mafuta na vinywaji kabla ya kukata chochote. Rudia kanuni kila unapopungua kilo 5.

Una kisukari cha aina ya pili kilichogundulika miaka michache iliyopita na uzito mkubwa: mwulize daktari kuhusu mlo wa kalori 800 unaosimamiwa, na mwulize pia dawa zipi zitasimamishwa siku ya kwanza.

Unatumia sindano za kupunguza hamu ya kula: tatizo lako limegeuka. Unaweza kushinda na kalori 700 bila kusikia njaa, kwa hiyo njaa si kipimo tena. Panga milo kwa saa, protini kwanza, na hesabu ili usishuke chini ya kiwango.

Umeshajaribu mara nne na kila mara umevunjika mwezi wa pili: pengo dogo, au la kati kwa zamu za wiki mbili.

Unafanya mazoezi ya mashindano: pengo dogo, nje ya msimu. Kwa wanamichezo nishati inayobaki baada ya kutoa ya mazoezi ikishuka chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta, homoni na mifupa huanza kuathirika hata kama uzito unaonekana mzuri.

Mjamzito, anayenyonyesha mtoto mchanga, aliye bado anakua, mzee anayedhoofika, au aliyewahi kuugua tatizo la kujinyima kula au kula kupita kiasi na kutapika: usichague lolote kwenye jedwali lile peke yako. Anza na mtaalamu wa lishe au daktari, na nenda na orodha ya unachokula sasa kwa siku tatu, mafuta ya kupikia yakiwemo.